Kuta Nne, Mkono Mmoja

Sura ya Sita

Barua ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya kaki iliyokatwa kwa wembe pande zote nne, imenyooka utadhani imetoka kiwandani. Haikuwa na jina wala sahihi. Ilikuwa na maneno kumi na matatu tu: "Waashi wanne wa jengo la hospitali hawakufanya mtihani wao. Tazameni kuta, msitazame picha."

Inspekta aliisoma kwa mara ya tatu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake. Kidole kikatoka na vumbi la kijivu, laini kama unga.

"Karatasi ya mfuko wa saruji," alisema. "Tabaka la katikati, lile lisiloshika uchafu."

"Basi ni mtu wa saiti," alisema Msajili.

"Au mtu anayeishi na mtu wa saiti. Tusiende mbio, mzee wangu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na wawili hao walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa mitihani ya uashi. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Msajili alikuwa mrefu, mwembamba, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alibeba Sheria ya Sifa za Ufundi kwapani kama wengine wanavyobeba mwavuli. Ungemwambia aiache ofisini angekuona umemvunjia heshima. Vifungu kumi na vinane vya sheria ile viliandikwa kwa mkono wake.

"Afande, unajua tulikotoka?" alisema, huku akiutazama uwanja kama mtu anayetazama shamba lake. "Zamani mwashi akihama mji, anaanza upya kubeba ndoo. Hakuna anayemjua. Leo ana cheti, na cheti kinakubalika kila mkoa na katika nchi tatu za jirani zilizotia saini. Anashuka kwenye basi, anaonyesha karatasi, anapewa mwiko. Na tangu miezi sita iliyopita, asiye na cheti hapandishi ukuta wa jengo la umma. Sasa mtu akichezea mtihani, hajanichezea mimi. Amemchezea kila mwenye cheti halali nchi nzima."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Inspekta. "Kuta ni ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Zilisimama kwa safu, kila mmoja kona ya kozi kumi na mbili, tabaka juu ya tabaka la matofali, yenye nafasi ya dirisha, na namba ya rangi nyekundu chini. Kwa mujibu wa kanuni, ukuta wa mtihani hauvunjwi kabla ya siku tisini, ili aliyefeli apate pa kukatia rufaa. Majina ya wenye namba yalikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa mikononi mwa Mtahini, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya kazi, aliyewafuata kwa nyuma akiwa ameshapinda uso kabla hajaulizwa chochote.

Alinyoosha mkono kumpa Inspekta daftari. Inspekta akakataa.

"Likae kwako. Nikishayaona majina, macho yangu yatatafuta ninachokitaka. Nipe nusu saa nizione kuta kwanza."

Alianza safu ya kwanza. Hakuwa mwashi, wala hakujifanya mwashi. Alitazama kama baba yake alivyokuwa akitazama gauni lililoletwa kurekebishwa: mshono kwanza, kitambaa baadaye. Baba yake aliweza kumtaja fundi kwa kuugeuza upindo wa gauni tu.

Kwenye ukuta wa tisa aliinama. Akatoa lenzi. Kisha akarudi wa tano, akaenda wa kumi na nane, akarudi tena wa tisa. Msajili alimfuata kwa macho tu, jua likimpiga usoni. Nusu saa ilipotimia, Inspekta alikuwa ameweka kijiwe juu ya kuta nne.

"Hizi," alisema. "Zimejengwa na mtu mmoja."

Mtahini alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Afande, kwa heshima zote, ukuta ulionyooka unafanana na ukuta ulionyooka. Ndiyo maana ya kunyooka."

"Njoo uone."

Akamwekea lenzi kwenye kiungo cha udongo wa saruji kati ya kozi ya pili na ya tatu. Kiungo kilikuwa kimefutwa vizuri, kimebonyea kwa ndani kama mfereji mdogo. Lakini karibu na ukingo wa juu palikuwa na kistari kilichoinuka, chembamba kama unywele, kilichokimbia kutoka mwanzo wa tofali hadi mwisho. Mtahini akahamia ukuta wa pili. Kistari kilikuwepo. Wa tatu kilikuwepo. Wa nne akautazama kwa muda mrefu zaidi.

"Chuma chenye pengo," alisema taratibu. "Chuma cha kufutia viungo kina pengo mdomoni."

"Mnawapa vifaa ninyi?"

"Mwiko, timazi na pima maji ni vya kituo. Chuma cha kufutia kila mtu anakuja na chake."

"Sasa fungua daftari."

Kurasa zikafunuliwa. Ukuta wa tano ulijengwa Jumatatu, wa tisa Jumanne, wa kumi na nane Jumatano, wa ishirini na saba Alhamisi. Majina manne tofauti, picha nne za sura tofauti, na mwajiri mmoja: kampuni inayojenga hospitali. Alama zilikuwa tisini na nane, tisini na saba, tisini na tisa, tisini na tisa.

Msajili alimgeukia Mtahini kwa ghafla. "Wewe! Watu wanne wa saiti moja wanapata alama ambazo hazijawahi kutoka tangu kituo kifunguliwe, na wewe unatia sahihi tu?"

Inspekta naye alikuwa amelifikiria hilo. Mtu wa kwanza kumshuku katika wizi wa mtihani ni anayeshika kalamu nyekundu. Lakini hakupandisha sauti.

"Mweleze tu ulivyofanya," alisema.

Mtahini alitoa kijitabu mfukoni, kimekunjamana kwa jasho. "Sheria inasema nisahihishe kwa namba, nisijue jina wala mwajiri. Nilisahihisha kwa namba. Soma mwenyewe nilichoandika siku ile."

Kando ya namba ishirini na saba, kwa mwandiko wa haraka, palikuwa na maneno haya: "Ningekuwa najenga nyumba yangu, huyu ndiye ningemtafuta."

Inspekta alimrudishia. Mtu anayeuza alama haandiki hivyo kwenye kijitabu ambacho hakuna wa kukisoma. "Na sura yake? Siku nne mfululizo hukuona kwamba ni mtu yuleyule?"

"Kanuni ya kumi na mbili, afande. Kofia ngumu na barakoa ya vumbi muda wote wa mtihani. Mimi naona macho na namba kifuani. Picha hupigwa ofisini, ng'ambo ya barabara, mtu akishamaliza."

"Kwa hiyo anayejenga anatoka getini, anavua namba, anamvisha mwenzake, mwenzake anakwenda kupigwa picha."

Msajili alikuwa amekunja uso.

"Nani aliandika hiyo kanuni ya kumi na mbili?" aliuliza Inspekta.

"Mimi," alisema Msajili. "Ilikuwa kwa ajili ya mapafu yao."

*

Walifika saiti na konstebo mmoja. Jengo la hospitali lilikuwa limefika ghorofa ya tatu. Chini palinuka saruji mbichi na mbao zilizoloa. Nyapara aliwapokea getini, simu moja sikioni na nyingine mkononi, akawaambia wageni karibuni, akawaambia pia kwamba leo ni siku mbaya.

"Waite waashi wako hawa wanne," alisema Inspekta, akampa majina.

"Hao ndio nguzo zangu! Wote daraja la pili. Yule mrefu nimemfanya msimamizi wa juu."

"Vizuri. Hawatapata shida, basi. Kila mmoja anijengee kona ya kozi tano, hapo chini, penye sakafu. Saa moja inatosha."

Wanne wale walishuka. Walikuwa vijana wa umri wa kuoa, wenye kofia mpya na vyeti vilivyofungwa kwenye plastiki shingoni. Walitazamana, wakamtazama nyapara, kisha wakaanza. Watatu walikwenda taratibu mno, kila tofali wakilipima mara tatu, na bado kozi ya nne ikaanza kuning'inia nje. Yule mrefu alikuwa na mkono mzuri kuwapita, na Msajili alimnong'oneza Inspekta kwamba huenda ndiye aliyewafanyia wenzake. Inspekta alikwenda, akaushusha uzi wa timazi kwenye kona ya yule mrefu. Ulikaa mbali na tofali la chini kwa upana wa kidole.

"Siye," alisema. "Huyu ni mwanafunzi mzuri wa mtu fulani. Basi mwalimu wake yuko wapi?"

Alitazama huku na huku. Kando ya lundo la mchanga walikuwepo watu sita wa kuchanganya udongo na kubeba ndoo, wale wanaoitwa saidia fundi. Watano walikuwa wanatazama askari, kama ambavyo mtu yeyote angetazama. Wa sita alikuwa anatazama kona nne zilizokuwa zinajengwa, na kila tofali lilipowekwa vibaya uso wake ulikunjamana kama mtu mwenye jino bovu.

Inspekta alitoa kwenye faili picha ya ukuta wa tisa, akaiinua juu kwa Msajili, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mzee, na huu nao mliupaje tisini na saba? Umepinda! Tazama hapa, kozi ya saba. Kazi ya ovyo kabisa."

Koleo likanyamaza.

"Haujapinda."

Nyapara aligeuka kwa hasira. "We! Rudi kwenye mchanga wako!"

Lakini yule mtu alikuwa ameshakuja hatua tatu mbele. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, ndevu zimejaa vumbi, viwiko vikavu kama gome. "Haujapinda, mama. Tofali ndilo lililopinda, lilitoka hivyo kwenye tanuri. Likageuzwa, upande mbovu ukatazama ndani, udongo ukaongezwa nyuma. Weka uzi, utaona. Ukuta wenyewe uko sawa."

Kila mtu pale saiti alimsikia. Yule mrefu aliangusha mwiko.

Inspekta aliishusha picha. "Mimi nimeshika picha ya mbele tu," alisema kwa upole. "Umejuaje kilichoko nyuma ya tofali?"

Mtu yule alijifuta vumbi viganjani.

"Wanakuitaje hapa?"

"Timazi," alisema mmoja wa wabeba ndoo, kwa sauti ya kujivunia, kabla mwenyewe hajajibu.

"Timazi. Una kifaa chochote mfukoni?"

"Saidia fundi hana vifaa, afande," alidakia nyapara.

Timazi alimtazama nyapara kwa muda. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa suruali, akatoa kipande cha chuma cha mviringo, kimeng'aa kwa miaka ya kushikwa. Mdomoni kilikuwa na pengo dogo. Inspekta alikichukua, akainama kwenye kona ya yule mrefu ambayo udongo wake ulikuwa bado mbichi, akakivuta kwenye kiungo mara moja. Kistari chembamba kama unywele kiliinuka karibu na ukingo wa juu.

Msajili alikitazama, akavua miwani, akaifuta, akakitazama tena.

*

Ofisi ya saiti ilikuwa kontena lenye dirisha moja na meza iliyojaa michoro. Konstebo alikaa na karatasi za maelezo. Inspekta alimpa Timazi kiti, akamweleza haki zake, akamuuliza kama yuko tayari kusema.

"Niko tayari. Nimechoka kujenga kwa majina ya watu."

"Ulianza uashi lini?"

"Miaka ishirini na miwili sasa. Niliacha shule darasa la tano, baba alipoanguka kutoka kwenye jukwaa. Mjomba akanipa mwiko. Nimejenga shule, nimejenga soko, nimejenga nyumba ya yule anayeitwa msimamizi huko nje. Wote wanne nimewafundisha mimi, tangu hawajui kushika uzi."

"Sheria ilipoanza?"

"Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Nimevaa shati la harusi." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilifurahi, mama. Nikasema hatimaye kuna mtu atakayetazama kazi yangu na kuiandika. Karani wa dirishani akaniuliza cheti cha kumaliza shule. Sina. Akanirudishia fomu. Kesho yake nyapara akaniambia, sheria ni sheria, akachukua mwiko akanipa koleo."

Msajili alikohoa, akaguna.

"Na huu mtihani wa wenzako ni wazo la nani?"

"La nyapara. Wao wana vyeti vya shule lakini walikuwa wanatetemeka. Akasema wakifeli wanne hawa, saiti inafungwa, watu themanini wanakwenda nyumbani. Lakini usiandike kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilikubali mwenyewe."

"Kwa sababu ya watu themanini?"

Timazi aliitazama mikono yake. "Ningependa kusema hivyo. Nisikudanganye. Nilitaka kujua napata ngapi."

Konstebo aliacha kuandika.

"Hawakukuambia?" aliuliza Inspekta.

"Waliona aibu. Wanapita mbali na mimi hata chakula cha mchana."

Inspekta alilivuta daftari la kituo. Angeweza kulifunga, hakukuwa na kifungu kilichomtaka amsomee mshukiwa alama. Alisoma. "Jumatatu, tisini na nane. Jumanne, tisini na saba. Jumatano, tisini na tisa. Alhamisi, tisini na tisa. Hakuna aliyekupita tangu kituo kifunguliwe."

Mgongo wa Timazi, uliokuwa umeinama kwa ndoo za miezi sita, ulinyooka polepole hadi ukaacha kugusa kiti. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake:

"Jumanne tatu zimekwenda wapi?"

Msajili ndiye aliyefunua ukurasa. "Mtahiniwa hakufagia eneo lake la kazi."

Timazi alicheka, cheko la kweli, hadi vumbi likamdondoka kwenye ndevu. "Haki yao! Mvua ilinyesha nikakimbia. Haki yao kabisa."

"Nyumbani wanajua?" aliuliza Inspekta.

"Mke wangu anajua. Alininunia wiki nzima. Alisema, unawapa watu jina lako bure na wewe unabaki kuitwa saidia. Yeye ana msimamo kuliko mimi. Ni fundi wa kujalidi vitabu vya shule. Namletea karatasi za mifuko ya saruji, zile za katikati, anazikata kwa wembe bila rula na huwezi kupata kosa."

Inspekta hakuinua uso. Alichukua ile barua ya kaki iliyokuwa juu ya faili, akaisogeza chini kabisa, chini ya picha na kumbukumbu zote, akafunga kifuniko. Sheria iliruhusu mtoa taarifa asitajwe, na yeye alikuwa mtu wa sheria.

"Swali la mwisho, na hili ndilo linaloninyima raha," alisema. "Ghorofa ya tatu itakuwa wodi ya wazazi. Wanne wale wamejenga nini kule?"

Uso wa Timazi ulibadilika. "Ukuta wa kati. Chini ni sawa, nilikuwa nawaonyesha kwa kichwa nikipita na ndoo. Juu ya lenta, ile boriti ya zege ya mlango wa pili, siyo. Nimeweka alama za penseli mara mbili. Nilimwambia nyapara."

"Akasemaje?"

"Akasema saidia fundi hafundishi mafundi."

Walipanda wote, na nyapara akaletwa akiwa amesahau simu zake zote mbili mezani. Alama za penseli zilikuwepo, misalaba mitano midogo, nadhifu. Inspekta alishusha uzi mwenyewe. Kutoka kwenye lenta kwenda juu, ukuta ulikuwa umetoka nje kwa vidole vitatu, na kwenye kona ya kushoto ufa ulikuwa umeshaanza kutafuta njia. Chini yake, kwa chaki, mtu wa umeme alikuwa amechora mahali pa kitanda cha kwanza.

Msajili aliweka kiganja kwenye ule ukuta. Kisha akamgeukia nyapara. "Ulikuwa na mtu wa tisini na tisa, ukampa koleo."

"Mzee, hana cheti! Sheria yenu wenyewe ndiyo—"

"Sheria yetu usinifundishe." Msajili alifungua kile kitabu cha kwapani, lakini hakukitazama. Alikisoma kwa kichwa. "Kifungu cha kumi na tisa. Mtu aliyejifunza ufundi kazini kwa miaka isiyopungua mitano ataruhusiwa kupimwa kwa vitendo na kwa mahojiano bila kudaiwa cheti cha shule. Niliandika kwa ajili yake. Kwa ajili ya watu kama yeye hasa." Akamgeukia Timazi. "Ile fomu uliyopewa dirishani ilikuwa ya rangi gani?"

"Njano."

Msajili alifumba macho. "Ni ya rasimu ya kwanza, kabla ya kifungu hicho kuongezwa. Miezi sita wanagawa fomu ya rasimu. Na mimi nakaa ghorofa ya juu yao."

Msajili akajinyoosha, akafunga kitabu, akasema kwa sauti ya ofisi: "Afande, vyeti vinne vinafutwa leo. Walio navyo wataruhusiwa kufanya mtihani upya baada ya miezi mitatu, kwa mikono yao, na bila barakoa hadi picha ipigwe. Kufanya mtihani kwa jina la mtu ni kosa la kifungu cha thelathini na moja, na hilo halinihusu, ni lako na mahakama. Lakini hakuna neno lolote katika sheria hii linalomzuia mtuhumiwa kupimwa. Namwandikia nafasi Alhamisi ijayo. Fomu nitaileta mwenyewe."

"Kesi itabaki kesi," Inspekta alimwambia Timazi. "Utafika mbele ya hakimu, nyapara pia, yeye kwa mashtaka mazito zaidi. Nitaandika kwamba ulisema ukweli kabla ya kubanwa. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu."

"Imetosha," alisema Timazi.

*

Konstebo alimsomea maelezo yake chini, juu ya boneti ya gari la polisi. Timazi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akikubali sentensi kwa sentensi. Mwishoni alipewa kalamu. Hakutia sahihi.

"Hapa juu," alisema, akiweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Kazi ya mtoa maelezo. Mmeandika kibarua."

"Ndivyo ulivyo kwenye orodha ya saiti," alisema konstebo.

"Naomba ibadilishwe."

Msajili alijikuna shingo. "Kisheria, bwana Timazi, neno fundi mwashi kwenye nyaraka za—"

"Hii ni karatasi ya polisi, mzee wangu," alisema Inspekta. "Inaandika kile nilichokiona kwa macho." Akachukua kalamu, akakata neno moja, akaandika mawili juu yake, akatia herufi zake za kwanza pembeni kama taratibu zinavyotaka. Timazi aliyasoma, na ndipo akasaini, kwa mwandiko mkubwa uliojaza nafasi yote.

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari aliposimama na kutazama juu. Kule ghorofa ya tatu, wanafunzi wake wanne walikuwa wameagizwa kubomoa, na yule mrefu alikuwa ameinua nyundo.

"Usianzie hapo!" alipiga kelele. "Wewe! Shuka kwenye hiyo ngazi!"

Nyundo ikasimama hewani.

"Afande, wakianzia chini ya lenta inawaangukia. Nipe dakika kumi."

Inspekta alitazama saa yake, kisha akawatazama wale vijana wanne walioganda ukutani wakisubiri kuambiwa. "Una ishirini," alisema.

Timazi alirudi hadi katikati ya uwanja wa saiti, akasimama penye jua, mikono kiunoni. "Tegemezeni lenta kwanza! Mbao mbili, moja kila upande! Haya. Sasa kozi ya juu kabisa, tofali moja moja, msivunje kitu kinachoweza kutumika!" Sauti yake ilipanda ghorofa zote tatu. Wabeba ndoo waliacha ndoo zao. Huko juu, yule mrefu alivua cheti shingoni, akakiweka mfukoni, akapokea tofali la kwanza kwa mikono miwili na kulipitisha kwa mwenzake.

"Ndiyo mwalimu!" alijibu.